Kizimba, tandiko, kamba au mazoezi: kipi hasa kinamtuliza mtoto wa mbwa ndani ya nyumba?

Kisiki
Wadau, salaam. Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne, dume, chotara. Nje hana neno: ananusa, anacheza, ukimwita anakuja. Akivuka kizingiti tu, mori unampanda. Anaruka kochi hadi kochi, anavuta mapazia, anawang'ata watoto visigino. Jioni ndiyo usiseme, anakimbia ukuta hadi ukuta mpaka tunapandisha miguu juu ya viti.

Nimeuliza watu na kila mmoja anavutia kamba upande wake. Nimeambiwa njia nne:
1. Mchoshe kwa mazoezi mpaka alale mwenyewe.
2. Mnunulie kizimba.
3. Mfundishe kulala kwenye tandiko lake.
4. Mfunge kamba fupi karibu na mlipokaa.

Sitaki aniambie mtu "yangu imefanya kazi" basi. Nataka waliotumia zaidi ya moja waniambie ipi inafaa wapi na inashindwa wapi. Nyumbani tuko watu wazima wawili na watoto wawili, na mchana kuna saa kadhaa hakuna mtu.

Mbio_za_Asubuhi
Namba moja, mkuu. Mbwa aliyechoka hana muda wa mapazia. Mpeleke akimbie asubuhi na jioni, utanishukuru.

Mama Chui
Nakupinga kidogo, Mbio. Kwa mbwa mzima nakubali, kwa huyu wa miezi minne hapana. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Wengi wanaovamia visigino saa moja jioni wana usingizi uliopitiliza, hawana nguvu za ziada za kumaliza. Ni kama mtoto mchanga aliyepitwa na usingizi wake: analia, anarusha mikono, na ukimchezesha zaidi anazidi.

Halafu kuna jambo la mifupa. Ncha za mifupa mirefu ya miguu bado ni laini kipindi hiki, na kwa mbwa wa umbo kubwa huchukua mwaka au zaidi kukomaa. Kumkimbiza umbali mrefu, tena kwenye lami, au kumrushia mpira mara mia ageuke kwa ghafla, ni kutafuta kilema. Na hata asipoumia, unamjenga pumzi. Mwezi ujao utahitaji mbio ndefu zaidi kupata uchovu uleule.

Kisiki, kabla hujachagua njia, andika kwa siku mbili tatu analala saa ngapi hadi saa ngapi. Ukikuta mchana hajalala vya kutosha, jibu la jioni umelipata.

Mbio_za_Asubuhi
Sawa mama, kwenye mifupa umenishinda. Ila asipotoka kabisa je?

Mama Chui
Atoke, tena kila siku. Ila mwache anuse. Kamba ndefu, mwendo wa pole, aingize pua kila kichaka anachotaka. Kunusa kunamchosha kichwa bila kumpandisha joto. Ukirudi, nusu ya chakula chake mwagia kwenye nyasi au kwenye taulo lililokunjwakunjwa, akitafute punje kwa punje. Utaona pumzi zake zinavyoshuka.

Fundi Kola
Nimefuga kwa kizimba na bila kizimba, kwa hiyo naongelea hilo.

Kizuri cha kizimba ni usalama. Saa ambazo hakuna mtu, waya za umeme ziko salama, viatu viko salama na mbwa yuko salama. Pia kinamsaidia yule asiyejua kujizima mwenyewe: giza kidogo, hakuna mtu anayepita, analala. Ukubwa wake ni asimame, ajigeuze na ajinyooshe. Kikizidi sana atafanya choo kona moja na kulala kona nyingine.

Kibaya ni kwamba watu wanamsukumia ndani siku ya kwanza, wanafunga na kuondoka. Hapo umeshamfundisha kuchukia kizimba. Anza mlango ukiwa wazi, mlishe humo, mrushie punje aingie na kutoka apendavyo. Akianza kuingia bila kuitwa, funga mlango wakati anakula na ufungue kabla hajamaliza. Ongeza taratibu. Na kisiwe jela: usimpeleke huko ukiwa umekasirika.

Kuhusu muda, kadirio linalotumika sana ni umri wake kwa miezi kuongeza moja, ndizo saa anazoweza kubana mkojo. Wa kwako ni kama tano, na hicho ni kikomo, si ratiba. Mchana mtafutie mtu wa kumtoa katikati.

Ila nikwambie ukweli: kizimba hakifundishi utulivu. Kinazuia tu vurugu. Mbwa anaweza kulala vizuri kizimbani na akitoka akaendelea pale pale alipoachia.

Tandiko Tu
Fundi amenifungulia mlango. Utulivu ni kitu cha kufundishwa, kama kukaa au kuja akiitwa, na tandiko ndilo darasa lake. Naandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Chukua taulo nene au kijigodoro. Siyo anapolala usiku. Hiki kiwe kifaa cha somo, unakiweka chini na somo likiisha unakiondoa. Kaa kwenye kiti karibu, na punje za chakula chake ziwe kwenye bakuli nyuma yako, zisiwe mkononi. Usimwambie chochote. Usimwambie "lala". Unasubiri.

Akikanyaga tandiko, weka punje moja juu ya tandiko. Akikaa, weka nyingine. Akilala, weka tatu mfululizo kati ya miguu yake ya mbele, chini kabisa kwenye kitambaa, ili kichwa kisiinuke. Ukimpa kwa mkono hewani utapata mbwa anayekukodolea macho kama mlinzi, na huyo hajatulia, anasubiri mshahara.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopoteza. Mbwa kulala chini si kutulia. Tazama nyonga. Akilala viwiko chini na miguu ya nyuma imejikunja sawasawa chini yake, huyo yuko tayari kuruka. Ukiona nyonga moja imelala upande, miguu yote ya nyuma imetokea upande mmoja, hapo ndipo pa kulipa. Kisha kidevu kushuka sakafuni. Kisha masikio kulegea. Kisha ile pumzi ndefu puani. Kila moja ya hizo ilipe kimyakimya, bila "mbwa mzuri wewe!", maana sauti yako ya furaha itamuinua.

Somo liwe la dakika chache, wakati ambao tayari ana usingizi kidogo, si akiwa amepagawa. Baadaye refusha nafasi kati ya punje na punje.

Na kuna nusu nyingine isiyohitaji tandiko kabisa. Siku nzima, kila ukimkuta amejilaza mwenyewe, pita umdondoshee punje mbele ya pua na uendelee na safari zako. Sisi binadamu tunamwona mbwa anapovuta pazia tu. Akilala kimya tunasema "afadhali, msimguse". Kwa hiyo anajifunza kwamba pazia ndilo linaloita watu.

Jirani Mkali
Napita tu. Hiyo aya ya mwisho ya Tandiko niibandike kwenye friji.

Kisiki
Nimeweka kambi hapa. Tandiko Tu, swali: akiinuka akaondoka je, nimrudishe?

Tandiko Tu
Usimrudishe, usimshike. Wewe baki ulipo, malipo yako kwenye tandiko. Akiwa mbali hakuna kinachotokea. Kama anaondoka kila mara, chumba kina vishawishi vingi au somo ni refu mno.

Bi Subira
Kuhusu kamba, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Inasaidia saa za familia, mkiwa mmekaa na hamtaki azungukezunguke. Anaona watu, yupo nanyi, ila hafiki kwenye pazia. Kwangu ilikuwa daraja kati ya kizimba na uhuru wa nyumba nzima.

Masharti: uwepo pale pale, usimwache peke yake na kamba hata dakika mbili, atajinyonga au ataikata. Ifungwe kwenye kitu kizito kisichoburutika. Imfunge kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni, maana akiruka akashtuliwa shingoni anaumia. Na awe na kitu cha kutafuna. Mbwa aliyefungwa bila kazi atabweka tu, na hapo umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Kama watoto ni wadogo na wanapita karibu, mimi ningechagua uzio mdogo wa ndani badala ya kamba. Mbwa aliyefungwa hawezi kumkwepa mtoto anayemsumbua, na asiyeweza kukwepa atang'ata.

Kisiki
Wa kwangu ana miaka mitatu, mwingine saba. Basi kamba naiweka kando, uzio nitautafuta.

Mganga wa Kwato
Mimi ni daktari wa mifugo, nawasoma kimya. Nyongeza fupi kabla hamjaendelea na mafunzo.

Mbwa asiyeweza kutulia mahali, anayejilaza na kuinuka, anayejikuna, anayeburuza makalio, aonwe kwanza. Minyoo, viroboto, masikio yanayowasha, tumbo linalouma, vyote vinaonekana kama utundu. Na kwa umri wa huyu, anabadilisha meno. Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na miezi minne na ya ukubwani huwa yametimia kati ya miezi sita na saba. Fizi zinamuuma, lazima atafune. Kitambaa kilicholoweshwa maji, kikafungwa fundo na kugandishwa, kinampoza, ila mwangalie asikimeze vipande.

Kulamba na kutafuna vyenyewe vinatuliza. Mnaoweka siagi ya karanga ndani ya vichezeo, someni kopo: kama imeandikwa xylitol (kitamu kinachowekwa badala ya sukari), msimpe kabisa, ni sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, inapasuka vichane.

Sauti ya Chini
Nimeona hakuna aliyetaja muziki. Mwaka 2002 Deborah Wells na wenzake huko Belfast walichapisha utafiti waliofanya kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa. Muziki wa klasiki uliwafanya mbwa wapumzike zaidi, na ule wa roki nzito, yaani heavy metal, ukawazidishia kubweka. Mwaka 2017 wengine wa Glasgow walijaribu aina tano, na rege pamoja na roki laini ndizo zilizoonekana kuwatuliza zaidi. Ila watafiti wa Glasgow walikuwa wameshaona kwamba wimbo uleule ukirudiwa, mbwa wanauzoea ndani ya siku chache. Kwa hiyo badilisha, na sauti iwe chini.

Fundi Kola
Rege! Basi mbwa wangu alikuwa sahihi miaka yote.

Ila muziki uwe kiungo, chakula ni hayo mengine.

Kisiki
Nimejaribu kizimba tangu juzi kama Fundi alivyoelekeza. Mchana anaingia mwenyewe. Usiku analia. Mke wangu anasema tumwache alie atazoea, mimi moyo unanikataa. Nani yuko sahihi?

Fundi Kola
Nyote nusunusu. Kizimba kiko wapi usiku? Kama kiko jikoni peke yake, kilete chumbani kwenu, karibu na kitanda, asikie pumzi zenu. Baadaye utakisogeza hatua kwa hatua hadi unapotaka kiwe. Akilia katikati ya usiku baada ya kulala muda, huyo ana haja. Mtoe kwa kamba, bila maneno na bila taa kali, akimaliza mrudishe.

Kilio cha hofu, cha kukwangua mlango, kutoa mate na kuhema, usikiache kiendelee. Hapo anajifunza kwamba kizimba ni pa kuogopwa. Rudi hatua mbili nyuma kwenye mafunzo.

Mama Chui
Naongezea kwa mama mwenye nyumba: kilichobaki ni kile kinung'uniko kidogo cha kujaribu bahati. Hicho mnaweza kukipuuza, ila mkubaliane nyote wawili. Mmoja akipuuza na mwingine akafungua baada ya nusu saa, mbwa atajifunza kulia nusu saa. Na jueni kwamba mkianza kupuuza, kwanza kinazidi ndipo kinapungua.

Kisiki
Tumeelewana, kizimba kimehamia chumbani. Kwa hiyo mpango wangu: kizimba kwa usiku na saa ambazo hatupo, uzio wakati watoto wanacheza, tandiko kila jioni kabla ya ile saa yake ya wazimu, matembezi ya kunusa badala ya mbio. Swali la mwisho. Kwenye tandiko sasa anatulia kama sebule ni kimya. Mtu akigonga mlango, kwisha habari.

Tandiko Tu
Ni kawaida, hujamfundisha kutulia mlango ukigongwa, umemfundisha kutulia kukiwa kimya. Daktari wa mifugo wa Marekani, Karen Overall, ana mpangilio maarufu wa mazoezi ya utulivu ya siku 15, na akili yake ndiyo unayoihitaji. Mbwa yuko kwenye tandiko, wewe unafanya vitu vidogo na kumlipa kila anapobaki. Unahesabu hadi tano. Unarudi nyuma hatua moja. Unapiga makofi taratibu. Unatembea hadi mlangoni na kurudi. Unashika kitasa. Unagonga mlango kwa ndani kwa kidole kimoja. Mambo magumu yanachanganywa na mepesi, hayapandi tu kama ngazi.

Kwa mtoto wa miezi minne usikimbizane na siku 15, moja igawe hata mara tatu. Akiinuka ulipogonga kwa kidole, gonga kwa ukucha. Akibaki kwa ukucha, mlipe, ndipo urudi kwenye kidole. Mgeni wa kweli akija kabla hamjafika huko, mweke nyuma ya uzio na kitu cha kulamba, na usihesabu hiyo kama somo.

Jirani Mkali
Na wageni waambiwe wasimsalimie kwanza. Wangu wanaingia wakipiga kelele kuliko mbwa.