Bundi wa plaiwudi: gia za kawaida, gia ya skrubu au mikanda?

Mchonga_Ndege:
Habari wakuu. Nina bundi wa plaiwudi na nataka awe na vituko: mabawa yapande na kushuka taratibu, kichwa kigeuke ghafla, kitulie, kisha kigeuke tena. Mota yangu inazunguka mara 60 kwa dakika, ila mabawa nataka yapige mara 6 tu. Nipunguze mwendo kwa gia za kawaida, gia ya skrubu, au mikanda na puli? Naomba kueleweshwa.

FundiSaa:
Mikanda laini weka kando, mkuu. Inateleza kidogo kidogo, mwishowe kichwa na mabawa havipatani. Gia haziruki jino zikishikana vizuri. Chukua gia ya meno 12 iendeshe ya meno 36. Kwenye shafti ya hiyo ya 36 funga nyingine ya meno 12, nayo iendeshe ya meno 40. Ya kwanza inapunguza mara 3, ya pili mara 3 na theluthi, jumla mara 10. Ukitaka kumaliza kwa jozi moja utahitaji gurudumu la meno 120, na hapo bundi ataonekana pambo la gurudumu.

Kitasa_Kimya:
Mimi ningekwenda na skrubu, ambayo uzi wake unashikana na meno ya gurudumu na kulizungusha. Mzunguko mmoja wa skrubu yenye uzi mmoja unasogeza jino moja tu, kwa hiyo gurudumu la meno 20 linapunguza mara 20 kwa hatua moja. Na ukizima mota, bawa halishuki kwa uzito wake, maana kwa kawaida gurudumu haliwezi kuirudisha skrubu nyuma.
Aliyeichezea skrubu kuliko wote ni msanii Arthur Ganson wa Marekani. Ana mashine ya jozi 12 za skrubu, kila moja inapunguza mara 50, na gia ya mwisho imezikwa ndani ya zege. Mota inazunguka bila shida yoyote, kwa sababu hiyo gia ya mwisho ingehitaji zaidi ya miaka trilioni 2 kumaliza mzunguko mmoja!

FundiSaa:
Sawa, lakini skrubu inayojifunga hivyo inakula zaidi ya nusu ya nguvu ya mota kwa msuguano. Na mara 20 inampa mizunguko 3 kwa dakika, yeye kaomba 6.

Bi_Magurudumu:
Mnabishania kasi wakati mwenzenu kaomba vituko. Gia za duara, ziwe za kawaida au za skrubu, zinatoa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayecheka kwa mwendo uleule.
Mabawa yawekee kamu, yaani gurudumu lililokatwa lisiwe duara kamili, na kijiti kinachopanda na kushuka juu ya ukingo wake. Ukiikata mfano wa gamba la konokono, bawa litapanda polepole sana, likifika kileleni linaanguka tap! Ikizungushwa kinyume, kijiti kinagonga ule ukuta wa kuangukia na kila kitu kinakwama. Ukikata vilele viwili, hata ile mizunguko 3 ya Kitasa_Kimya inakupa mapigo 6.
Kichwa kipe gurudumu la Geneva lenye mifereji minne. Pini ya shafti inaingia kwenye mfereji, inasukuma robo mzunguko, inatoka. Projekta za filamu zilitumia mtindo huu kusimamisha kila picha mbele ya taa. Kwenye shafti ya mizunguko 6, kichwa kitageuka kwa sekunde 2.5 na kutulia sekunde 7.5. Kitazunguka kote, wakati bundi wa kweli anaishia nyuzi 270 hivi, lakini wako ni wa plaiwudi, nani atamshtaki?

Nyundo_na_Gundi:
Huo utulivu wa sekunde 7.5 ndio utakaochekesha. Usiongeze kitu kingine kinachocheza muda huo.

Mchonga_Ndege:
Bi_Magurudumu, hapo nimekupata. Naenda na gia ngazi mbili za FundiSaa, kamu kwa mabawa, Geneva kwa kichwa. Sasa matundu ya shafti niyatoboe umbali gani? Na kuna ubao wa mninga umebaki, unafaa kwa gia?

FundiSaa:
Mninga fanyia msingi. Kwenye ubao mzima, meno yanayokatisha nyuzi za mti huvunjika mapema. Plaiwudi ina matabaka yaliyopishana, inavumilia.
Umbali: jumlisha meno ya gia mbili, zidisha kwa moduli (ukubwa wa jino: kipenyo cha gia kwa milimita, gawanya kwa idadi ya meno), gawanya kwa mbili. Kwa moduli 3, jozi ya 12 na 36 ni milimita 72, ya 12 na 40 ni 78. Ongeza kama nusu milimita ya nafasi kwa sababu mti huvimba kukiwa na unyevu. Ila pini ya Geneva ipe nafasi ndogo sana, ikilegea kichwa kitatikisika.

Bi_Magurudumu:
Asante FundiSaa. Na kwenye kamu sugua nta, usipake grisi. Grisi inashika vumbi la mbao.