Mama kakutwa na kisukari: asali au vile vidonge vya utamu, kipi kina nafuu?

BintiTabata
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie maana nimechanganyikiwa kweli. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, mwezi uliopita kapimwa akakutwa na kisukari aina ya pili, kaanzishiwa dawa na kaambiwa aache sukari. Sasa mama yangu ni mtu wa chai, asubuhi chai, saa kumi chai, usiku akisubiri taarifa ya habari chai tena, na bila utamu haimshuki. Jirani kamwambia tumia asali ya Tabora hiyo ni ya asili haipandishi sukari, basi anaweka vijiko vitatu kila kikombe hana wasiwasi kabisa. Mi nikapita Kariakoo duka la dawa nikamchukulia vile vidonge vidogo vya kuweka kwenye chai, kufika nyumbani kaka yangu kasoma kikopo kaona aspatame, ndo hicho kinacholeta utamu, akasema hii inaleta kansa, shirika la afya duniani lenyewe limesema. Nyumba nzima hatuelewani. Nishike lipi?

SistaWaZahanati
Pole sana mdogo wangu. Hili la asali nakutana nalo kila siku ya kliniki na linaniuma, kwa sababu watu wanaambiwa na wanaowapenda. Asali ni sukari. Karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kwa vile ni nzito kijiko cha chai cha asali kinabeba kama gramu 6 za sukari wakati kijiko flati cha sukari ya dukani ni gramu 4 tu. Piga hesabu ya mama, vijiko vitatu mara vikombe vitatu, hapo anazidi gramu 50 kwa siku kwenye chai peke yake. WHO, hilo shirika la afya duniani, wanasema hata mtu mzima ambaye haumwi ni vizuri abaki chini ya gramu 25, na asali wameihesabu humo humo pamoja na juisi.

Kuhusu kansa, kaka yako hajadanganya ila kaishia njiani. Julai 2023 kitengo chao cha utafiti wa kansa kiliiweka aspatame kundi la 2B, maana yake inawezekana lakini ushahidi ni mdogo. Wakati huo huo kamati yao ya vyakula ikapitia ikaacha kiwango palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 inabidi anywe makopo 9 mpaka 14 ya soda isiyo na sukari yenye aspatame kila siku ndo avuke. Vidonge viwili vitatu kwenye chai haviko karibu na huko. Mei mwaka huo huo walitoa na ushauri kwamba watu wasitegemee vitu vya utamu visivyo na sukari kupunguza uzito, lakini ule hauwahusu wenye kisukari tayari.

MfugaNyukiTbr
Dada sista nakuheshimu ila msiifananishe asali na sukari ya kiwandani jamani. Kwetu tumelelewa na asali, kikohozi asali, kidonda asali. Vitu vya maabara mnavipokea haraka sana.

SistaWaZahanati
Kaka kwenye kikohozi niko na wewe kabisa, labda tu mtoto hajatimiza mwaka, huyo asipewe asali hata ya kulamba. Lakini damu ya mgonjwa wa kisukari haiulizi sukari imetoka kwenye mzinga au kiwandani. Sukari guru na tende vilevile. Kama mama anataka cha asili kweli kuna stevia, ni majani ya mmea wa kule Paraguay na haipandishi sukari, ila geuza pakiti usome nyuma, nyingine zimechanganywa na dekstrozi ambayo ni sukari.

BabaMbagala
Mi nina kisukari mwaka wa tisa sasa, niongeze jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Msiondoe sukari yote ndani ya nyumba!! Kuna siku nilimeza dawa nikachelewa kula, nikaanza kutetemeka, jasho linanitoka, naongea vitu havieleweki, mke wangu kakimbia kanipa soda ile ya ziro maana ndo ilikuwepo, na ile haina sukari kwa hiyo haikusaidia kitu, hali ikazidi mpaka jirani akaja na sukari akaikoroga kwenye maji. Sukari ikishuka unahitaji sukari yenyewe, vijiko vitatu vinne, au hiyo hiyo asali. Ila akiwa amezimia usimwekee kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Muulize daktari kama dawa za mama ni za aina inayoshusha hivyo.

Alafu hivyo vidonge vya aspatame usivichemshe na chai kwenye sufuria, moto unaua utamu mtaona havifai bure. Weka kikombeni mwishoni.

BintiTabata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeazima kipimo kwa shangazi, juzi mama kanywa chai ya asali na chapati mbili, baada ya masaa mawili tukakuta sukari ya damu 15.2 (mmol/L). Leo chapati zile zile mbili na chai ya kidonge kimoja, 12.4.

SistaWaZahanati
Umefanya vizuri sana kupima. Siku mbili hazitoshi kusema ni asali tu, lakini iangalie hiyo 12.4, bado iko juu, na hapo chai haina sukari kabisa. Hizo ni chapati, wanga wake unageuka sukari mwilini. Kesho mpe moja na yai na mboga upime tena, na hizo namba ziandike kwenye daftari uende nazo kliniki.

BintiTabata
Sawa dada. Kidonge kakikubali cha asubuhi, cha saa kumi kasema atajaribu chai ya rangi na tangawizi bila kitu. Asali nimeifunga nimeiweka kabatini juu, na kaka nimemwonyesha dalili alizoandika BabaMbagala anajua ilipo.