NDVI inasema malisho yapo, mizani yangu inakataa

mpimanyasi: Ndugu zangu, habari za kazi. Napima malisho huku Marigat, Baringo. Mwezi uliopita nilitupa fremu ya nusu mita kwa nusu mita mara 20 kwenye eneo moja, nikakata nyasi hadi shinani, nikazikausha kwenye oveni nyuzi 70 mpaka uzito ukaacha kushuka. Fremu moja gramu 4, nyingine hatua kumi pembeni gramu 31. Nafungua picha za setilaiti za MODIS za siku 16 hizo hizo: NDVI, yaani kipimo cha ukijani, 0.52, kijani kingi! Nilisimama pale mwenyewe, vumbi tupu. Ripoti hii itasomwa na watu wanaoamua wafugaji wahame au wasihame. Siwezi kuandika namba nisiyoiamini. Kosa liko wapi?

bondeni: Pikseli hiyo, nukta moja ya picha, ni mita 250 kwa 250, yaani hekta 6.25. Fremu zako zote 20 ni mita 5 za mraba. Humo ndani hamna miti ya mathenge?

mpimanyasi: Yamejaa, hasa upande wa korongo.

mama_ramani: Basi anza hapo. NDVI haijui nyasi wala kilo. Inachukua mwanga wa infraredi ya karibu, inaondoa ule mwekundu, inagawa kwa jumla ya yote mawili. Mathenge mizizi yake inafuata maji chini, kiangazi kinamkuta kijani, na mbuzi majani yake hawayataki, wanangoja maganda. Wingu jembamba au vumbi la angani lingeishusha namba. Yako imepanda, kwa hiyo usilisingizie wingu. Fungua pia tabaka la tarehe: katika siku 16 wanachagua siku moja iliyo safi, na huenda siyo siku uliyokata. Halafu jaribu setilaiti ya Sentinel-2, pikseli yake ni ya mita 10, ila usiziweke namba zake sambamba na za MODIS. Mikanda ya mwanga hailingani.

mpimanyasi: Asante sana mama. Picha ilikuwa ya siku 11 kabla sijakata, na nyasi zilikauka katikati hapo. Kwenye Sentinel-2 mathenge yanaonekana wazi kabisa, mstari mzito ukifuata korongo. Nimeyatoa, wastani wa kilichobaki ni 0.24. Ripotini nyasi nitaziandika pamoja na kiwango cha chini na cha juu, mathenge hekta zake peke yake. Nimeona na jingine kwenye GPS: fremu 14 kati ya zile 20 ziko karibu na njia, ng'ombe wanapopita kila siku. Jumatatu narudi na sehemu 40 zilizochaguliwa kwa kura kwenye ramani.