Nina ngalawa mbili, lakini baba anasema nimeacha kucheka: je, kutafuta mali kunaleta furaha?

Mchuuzi wa Forodhani
Wakubwa shikamooni. Ninauza samaki wa kukaanga hapa Bagamoyo, na miaka mitatu iliyopita nilikuwa na karai moja tu. Sasa nina ngalawa mbili, na ninadunduliza ninunue boti ya mashine. Baba ananiambia kuwa tangu nianze kuhesabu fedha nimeacha kucheka, na ni kweli: usiku hulala nikisikiliza upepo na kuwazia nyavu, jambo ambalo sikulijua wakati wa karai. Je, nikiendelea nitapata furaha, au angalau watu watanufaika?

Mkaazi wa Dunda
Marahaba, mwanangu. Mji wetu una mfano wake: Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, alitajirika kwa kuipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Alitoa jengo la shule hapa Bagamoyo akitaka watoto wasibaguliwe kwa rangi, na fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam. Hadi leo katika hospitali ya Muhimbili huko huko Dar es Salaam kuna jengo liitwalo Sewahaji. Furaha yake aliijua yeye na Mola wake, lakini wagonjwa wamepata pa kulala. Tafuta, mwanangu.

Mjukuu wa mpagazi
Mzee wangu, majengo hayo nayaheshimu, ila naomba tusiiruke sehemu ya kwanza. Mali ile ilipita mabegani mwa watu: mpagazi alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi, pembe za ndovu au majora ya nguo, akatembea kwa majuma mengi kati ya Tabora na pwani, na aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa huko huko. Ndugu mchuuzi, kabla hujawaza utakachotoa ukishatajirika, watazame wanaokuvulia leo. Fungu lao ni lipi, na wavu ukichanika hasara ni ya nani?

Mwalimu wa madrasa
Dini haijakataza utajiri. Mali ya biashara ikifikia kiwango na kutimiza mwaka, asilimia 2.5 ni haki ya wenye kustahiki. Lakini zaka haifidii ujira uliodhulumiwa.

Mchuuzi wa Forodhani
Nawashukuru nyote. Swali la wavu limenichoma, kwa sababu mwezi uliopita nilikata gharama ya kuushona kwenye mgao wa vijana wanne, na mmoja wao mkewe alikuwa amejifungua juzi yake tu. Nilidhani ni kawaida ya kazi. Kesho alfajiri, kabla hawajaingia majini, nitawarudishia.