Watoto wa Bi Mkubwa: nyumba ya Hua Hin

*Jumatatu*

Zuhura, 06:02
Asalaam aleikum jamani, mmeamkaje. Leo naomba tusipitane kimyakimya. Ile nyumba bado ipo. Hua Hin, Thailand, vyumba vitatu, dakika kumi kwa miguu mpaka ufukweni. Kodi baht 25,000 kwa mwezi. Tukichanga wanne ni 6,250 kila mtu.

Zuhura, 06:04
Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya Ijumaa. Kuingia ni kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili, jumla 75,000. Huo ndio utaratibu wao, sijabuni mimi.

Zuhura, 06:05
[Picha 3]

Zuhura, 08:40
Naona tiki za bluu saba. Watu saba wamesoma, hakuna aliyesema hata alhamdulillahi.

Sudi, 08:52
Alhamdulillahi

Zuhura, 08:52
Sudi.

Sudi, 08:53
Si umeomba? 😂

Mwajuma, 09:31
Dada, mkataba kwenye picha ya tatu umeandikwa mwaka 2568. Wamekosea au tunawapangia vitukuu?

Sudi, 09:32
Ndiyo maana bei nzuri. Nyumba haijajengwa

Sudi, 09:32
Mpaka hiyo 2568 kiinua mgongo cha Zuhura kitakuwa kimeinua migongo ya ukoo mzima 😂😂

Mwajuma, 09:33
😂😂😂

Zuhura, 09:40
Wanatumia kalenda ya Kibudha. Toa 543 unapata 2025. Mkataba hauna kasoro. Turudi kwenye nyumba tafadhali.

Sudi, 09:41
Kwa hiyo nikienda kule nina miaka 594

Mwajuma, 09:41
Na bado hujaoa

Zuhura, 09:44
Sikilizeni. Kuna jambo la umri na ni kubwa. Ruhusa ya kukaa kama mstaafu wanampa mtu aliyefikisha miaka 50. Mimi ninayo, Sudi anayo, Kaka Idi ndiyo usiseme. Mwajuma ana 47.

Mwajuma, 09:45
Haya, nimeshatolewa asubuhi asubuhi.

Zuhura, 09:52
Hujatolewa. Mwaka 2024 walianzisha viza nyingine ya miaka mitano kwa watu wanaofanya kazi kwa intaneti na mwajiri wao yuko nje ya Thailand. Hiyo wanataka uonyeshe baht 500,000 benki, na kila ukiingia unakaa siku 180. Tatizo wewe kazi yako ni nywele.

Mwajuma, 09:54
Si ndiyo vizuri? Pwani imejaa watalii. Nachukua kiti, vitana na mafuta, nasuka wageni palepale mchangani. Siku tatu nimelipa kodi.

Zuhura, 09:58
Mwaju mdogo wangu, kazi ya nywele kule wameihifadhi kwa ajili ya raia wao. Mgeni haruhusiwi. Kuongoza watalii ni hivyohivyo. Na mstaafu haruhusiwi kazi ya aina yoyote. Ukikamatwa na kitana mkononi unarudishwa.

Sudi, 09:59
"Kosa lako?" "Twende kilioni tatu" 😂

Mwajuma, 10:00
Sudi usinichekeshe nina mteja

Zuhura, 10:03
Mimi nimeandika mambo matano, mmejibu kitana.

Zuhura, 13:15
Kaka Idi, najua unasoma. Sema neno.

Nassoro, 15:20
Shikamooni wote. Ma'mkubwa, huko si ndiko tsunami ilikopiga mwaka 2004?

Zuhura, 15:26
Marahaba mwanangu. Ilipiga upande wa bahari ya Andaman, magharibi: Phuket, Khao Lak, visiwa vya Phi Phi. Walikufa watu zaidi ya 5,000 nchini humo. Hua Hin iko upande wa pili, kwenye Ghuba ya Thailand, na wimbi lile halikufika. Swali lako ni zuri kuliko yote ya leo.

Mwajuma, 15:40
Lakini upande huo wa Krabi si ndiko wenye Waislamu wengi na misikiti? Nimesikia.

Zuhura, 15:47
Ni kweli, na chakula chetu kinapatikana bila kuhangaika. Ila kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ya kusi inawakuta wao uso kwa uso. Bahari inachafuka, ufukweni wanasimamisha bendera nyekundu, huogi. Upande wa Ghuba mvua kubwa inachelewa mpaka Oktoba na Novemba.

Zuhura, 15:55
Na niseme ukweli. Mimi naitaka Hua Hin kwa sababu nilishafika. Nilipompeleka marehemu Bangkok, matibabu yalipoisha daktari akasema apumzike kabla ya kupanda ndege. Tukachukua treni ya kusini, tukakaa siku nne. Kule kuna jumba la mfalme wao wa zamani, Rama wa Saba, linaitwa Klai Kangwon, maana yake mbali na wasiwasi. Marehemu aliposikia jina hilo alilirudia njia nzima. Zilikuwa siku nne nzuri kuliko za miaka mingi. Sitaki kuzeeka kwenye chumba cha kupanga nikisikiliza redio. Nataka tuzeeke pamoja, asubuhi tunatembea mchangani, pensheni inatosha.

Mwajuma, 15:58
Dada 😭

Sudi, 16:01
Allah amrehemu shemeji. Alikuwa mtu.

Zuhura, 16:03
Amin. Sasa nani anachanga?

*Jumanne*

Zuhura, 06:10
Hakuna aliyejibu. Naandika masharti ili mtu asije akasema hakuambiwa. Ukiwa na miaka 50, baht 800,000 zikae kwenye akaunti ya benki ya kulekule miezi miwili kabla hujaomba. Ukishakubaliwa usiziguse miezi mitatu, baada ya hapo zisishuke chini ya 400,000. Usipokuwa nazo, onyesha mapato ya baht 65,000 kila mwezi. Ruhusa ni ya mwaka mmoja, unaomba tena. Na kila siku 90 unawaeleza Uhamiaji unakoishi.

Zuhura, 06:12
Hizo ni za KILA MTU. Hatuwezi kuchanga akaunti moja tukaingia wanne.

Sudi, 07:30
Laki nane! Mimi nilidhani ni maisha ya bei rahisi

Zuhura, 07:33
Kuishi ni rahisi. Kuruhusiwa kuishi ndiko kunakotaka pesa. Na pesa zinabaki zako, hawazili.

Sudi, 07:36
Si tununue kiwanja kabisa, tujenge, tuachane na kodi?

Zuhura, 07:39
Mgeni hamiliki ardhi Thailand. Anaweza kumiliki fleti kwa jina lake, mradi wageni kwenye jengo hilo wasizidi asilimia 49 ya eneo lote. Ardhi unakodi tu, mwisho miaka 30. Atakayekwambia andikisha kwa jina la rafiki mwenyeji, mkimbie.

Zuhura, 07:41
Mpango wangu ni huu. Tusianze na laki nane. Tunaingia kwa viza ya utalii ya siku 60, tunaongeza 30 Uhamiaji kwa baht 1,900. Miezi mitatu ya kuonja. Ila amana lazima itoke sasa. Tumeni kwangu.

Mwajuma, 08:15
Natuma yangu mwisho wa mwezi, kwa ajili ya hiyo miezi mitatu tu. Na itumwe kwa Dada. Asishike mtu mwingine.

Sudi, 08:16
Mtu mwingine nani

Mwajuma, 08:17
Nimesema mtu mwingine.

Sudi, 08:17
Unasema mashua

Zuhura, 08:18
Tusianze mambo ya mashua.

Sudi, 08:20
Hapana, ameanza yeye. Miaka tisa kila nikifungua mdomo naambiwa mashua. Ile injini nilionyeshwa mimi? Nilisaini mimi peke yangu? Kaka Idi yuko humu, aseme nani alisaini.

Mwajuma, 08:22
Mimi niliuza cherehani ya Mama mkubwa kwa ajili ya ile mashua. Cherehani, Sudi. Sijawahi kuiona hata picha ya mashua yenyewe.

Sudi, 08:22
Ujumbe huu umefutwa

Zuhura, 08:25
BASI. Wote wawili. Ijumaa iko palepale. Nagawa vyumba ili tujue hesabu. Kikubwa, mimi na Mwajuma. Cha pili, Sudi. Cha tatu, Kaka Idi na Wifi wakija.

Hidaya, 12:48
Samahani, simu ilikuwa ndani, nilikuwa namwogesha Mama.

Hidaya, 12:50
Nimesoma mpaka mwisho. Nina maswali mawili, Da Zuhura usinikasirikie. La kwanza: mkiugua?

Zuhura, 12:56
Bima. Nimepania kabisa. Marehemu alivyolazwa nililipa mfukoni, na ule mkunjo wa bili bado ninao kwenye droo. Hospitali za binafsi kule ni nzuri mno ila zinakata. Za serikali zinampokea mgeni, kwa kulipa. Bila bima mtu hapandi ndege. Na pikipiki hakuna anayekodi! Sudi nakutazama. Wanaokufa barabarani kule wengi ni wa pikipiki, na ukianguka huna leseni ya pikipiki kampuni ya bima inakataa kulipa.

Sudi, 12:58
Nitapanda tembo

Hidaya, 13:02
La pili. Vyumba vitatu, majina manne. Mimi simo. Sijalalamika, nimeona tu kwamba hakuna aliyeuliza kama nataka. Ule mwaka wa operesheni pia hakuna aliyeuliza. Mlisema "Hidaya yupo". Kila kitu Hidaya yupo.

Zuhura, 13:05
Mdogo wangu, usilichukue hivyo. Nilidhani huwezi kumwacha Mama.

Hidaya, 13:06
Ndiyo. Nani anaweza?

Zuhura, 13:30
Tutapanga zamu. Naahidi. Watatu wakiwa kule, mmoja anarudi kila baada ya miezi mitatu. Kaka Idi tafadhali sema kitu.

Shemeji Kassimu, 17:44
[Video: Namna ya kuondoa kutu kwenye sufuria]

Sudi, 17:50
Shukrani shem, tulikuwa tunaisubiri 😂

Hidaya, 20:15
Mama aliniuliza kwa nini simu inalia siku mbili. Nimemsomea yote, tangu jana. Amenyamaza mpaka baada ya isha. Sasa amesema niandike, nisipunguze neno.

Hidaya, 20:19
"Wanangu. Nimesikia. Simkatazi mtu bahari, nami nimezaliwa nayo. Baba yenu aliniaga mlangoni hapa akasema miezi sita. Nilihesabu miaka kumi na moja, na siku aliporudi Sudi alimwita mjomba. Sikumlaumu, alikwenda kutafuta. Sasa Zuhura anahesabu vyumba, na mimi nimehesabu naye. Hidaya kasema jina lake halimo. Langu nalo sikulisikia. Mlale salama."

*Jumatano*

Zuhura, 02:11
Ujumbe huu umefutwa

Sudi, 05:35
Shikamoo Mama.

Mwajuma, 05:50
Shikamoo Mama 🤲🏽

Zuhura, 06:20
Shikamoo Mama. Sikulala. Nilikuwa nahesabu pesa nikasahau kuhesabu watu. Nilijiambia umri wako hauruhusu safari, lakini sikukuuliza, nilijijibu mwenyewe. Nisamehe. Nisamehe na wewe Hidaya.

Hidaya, 07:02
Mama anasema marahaba kwa wote. Hajasema zaidi. Anakunywa chai.

Zuhura, 09:10
Mwenye nyumba ameuliza tena. Nimemwomba asogeze mpaka Jumatatu, hajajibu. Aliyetuma mpaka sasa ni mimi peke yangu. Mwajuma kasema mwisho wa mwezi. Sudi?

Sudi, 09:40
Nitakwambia.

Zuhura, 09:41
Lini?

Sudi, 09:58
Nikishaongea na Mwaju. Pembeni, sio humu.

Shemeji Kassimu, 11:16
Ndiyo nimeona sasa hivi. Mwaka 2568 ni nini?

Hidaya, 11:30
Jamani, mbali na hayo: Jumamosi nina miadi ya macho, saa nne asubuhi. Nahitaji mtu wa kukaa na Mama. Nimeshaahirisha mara mbili.

Hidaya, 14:05
Mtu yeyote.

Zuhura, 14:20
Nakuja Ijumaa jioni, nalala hapo. Usiahirishe.

Kaka Idi, 22:37
Asalaam aleikum. Nimesoma kuanzia juu. Ya injini nilisaini mimi, Sudi asisumbuliwe kwa hilo, tutaongea tukionana.

Kaka Idi, 22:39
Zuhura, hiyo nyumba ina ngazi? Mama hawezi ngazi.

Zuhura, 22:40
Kwenye picha naona kama tatu za barazani. Ngoja nimuulize mwenye nyumba.