Supavaiza kaniuliza "kwani hii haipo Kariakoo?" mbele ya paneli nzima

Wakuu, nimetoka kutetea andiko sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Waliosoma masters ya uhandisi wa kompyuta pale wanamjua, yule mzee wa miwani ya kamba anayejibu barua pepe mara moja kwa kila awamu ya rais.

Nimekesha na Verilog, lugha ya kuandikia saketi, mpaka mke wa mwenye nyumba akadhani naroga. Nimebuni prosesa ya RISC-V ndani ya FPGA, chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe, nikaiongezea saketi ya kuchuja mawimbi ya moyo. RISC-V wakuu, ile iliyoanzia Berkeley 2010! Yeyote anaruhusiwa kubuni prosesa yake bila kulipia leseni ya seti ya maagizo, yaani orodha ya amri ambazo prosesa inazielewa. Yaani hata sisi huku tunaweza kuchora yetu. Ndiyo kwanza nipo slaidi ya nne, jamaa anainua kichwa kutoka kwenye simu: "Kijana, kwani hii haipo Kariakoo?"

Paneli ikacheka. Mtahini wa nje akacheka mpaka chai ikamwagikia ripoti yangu, ukurasa wa matokeo.

Eti Kariakoo! Nikajikaza, nikaeleza. Akanikatisha: "Tumia Arduino tu, bei poa." Arduino ni bodi ndogo yenye prosesa tayari, inasoma programu, agizo moja baada ya jingine. Kwenye FPGA napanga saketi yenyewe! Na huyu ndiye aliyesaini andiko langu. Amesaini, halafu anauliza Kariakoo!

Kipanga wa Mbagala: Pole mkuu. Ila Mtaa wa Aggrey, palepale Kariakoo, ulipita kuulizia?

Mleta mada: HAIPO AGGREY. Prosesa nimeibuni mimi, itauzwaje dukani?

Bi Tumaini: Bora wako kauliza. Wangu alienda Ujerumani, sura yangu ya tatu akairudisha na neno moja tu: "Endelea." Niendelee wapi?

Saketi Fupi: Verilog? Watu wazima tunaandika VHDL.

Kipanga wa Mbagala: VHDL ilianzia Wizara ya Ulinzi ya Marekani miaka ya 1980, ndiyo maana inakufokea kila mstari.

Saketi Fupi: Inakufokea kabla hujaunguza bodi. Verilog inakuchekea, makosa unakuja kuyaona maabara.

Mleta mada: Jamani, mtu kaniuliza Kariakoo mbele ya mtahini wa nje!

Dogo Fundi: Nyie mna bodi mnalalamika. Yangu imekwama kwa watu wa ushuru, wanataka nithibitishe siyo redio ya upepo. Nimewapelekea barua ya chuo, wameuliza antena iko wapi.

Bi Tumaini: 😂😂 Dogo, wapelekee na risiti. Mimi walinikadiria bei ya laptop nzima.

Dogo Fundi: Risiti wanasema ni ya Kichina, nitafute mkalimani.

Saketi Fupi: Dogo njoo PM, nina ya mkono wa pili, pini mbili tu ndizo zimekufa.