Nani mwimbaji wa mbele bora kuliko wote katika bendi za dansi la zamani?

Fundi Bufa, Tandika

Wakuu, kibandani kwangu hakukaliki. Natengeneza spika na amplifaya, na kila spika ninayoimaliza naijaribu kwa dansi lililorekodiwa Radio Tanzania enzi hizo. Bufa naipa Muhiddin Gurumo. Sauti nzito, haina haraka, koni ikiwa imelegea inakoroma hapo hapo. Twita, kispika cha sauti za juu, naipa Hassan Bitchuka. Hawakumwita Super Stereo bure. Akipanda juu, waya uliochomewa vibaya unajitaja wenyewe.

Juzi mteja kasikia najaribu mzigo wake kwa Gurumo, akanijia juu: "Niwekee Marijani Rajab, huyo ndiye mwimbaji, hao wengine waitikiaji." Tangu hapo kila anayepita ana lake, kazi haziendi.

Basi nauliza: kwa bendi zetu, Msondo, Sikinde, Vijana Jazz, Maquis, Dar International, Matimila na wenzao, nani alisimama mbele ya kipaza sauti kuliko wote? Sharti langu moja: asiwe yeye mwenyewe ndiye mpiga gitaa la solo. Najua hapo nimemtoa Mbaraka Mwinshehe na mtanitukana, lakini ukimwingiza Mbaraka unashindanisha watu na mtu aliyekuwa bendi nzima.

Mimi ni Bitchuka, na sababu yangu ni ya kifundi. Kwenye kanda zile za Radio Tanzania bendi ilipiga na kuimba kwa pamoja, magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji kwa mkupuo mmoja. Hakukuwa na kurudia neno moja moja na kulipachika kama siku hizi. Ukikosea, mnaanza upya wote. Sasa msikilize Bitchuka humo ndani. Gurumo anatandika chini, yeye anapita juu, na hakuna silabi hata moja inayomezwa na tarumbeta. Hampigii kelele mwenzake, hamkanyagi. Anajua aingie wapi na anyamaze wapi. Wengi wana sauti, ila kunyamaza hawakuweza.

Jabali Damu

Fundi, huyo mteja wako mpe punguzo, kasema kweli. Umejipiga mwenyewe: maelezo yako yote ni ya watu wawili. Bitchuka bila Gurumo chini yake ni nini? Umechagua jozi, sisi tunatafuta mtu.

Marijani alibeba peke yake. Tangu yuko Safari Trippers na "Georgina" yake, kisha Dar International na "Zuwena", ukimsikiliza unamfuata kama unasikiliza mchezo wa redio. Kuna mtu, kuna kisa, kuna mahali, na matamshi yako wazi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anaelewa nani kamkosea nani. Sauti yenyewe wala si ya kutisha. Haipandi sana, haishuki sana. Lakini anajua kusimulia, na mwimbaji wa dansi asiyejua kusimulia ni king'ora tu. Jina la Jabali la Muziki halikutoka kwa jirani yake. Kafa mwaka 1995 na hadi leo visa vyake watu wanavieleza kama vya mtaani kwao.

Na hiyo jozi yako, hata aliyekuwa na pesa alijua. Orchestra Safari Sound (OSS) ilipoivamia Sikinde mwaka 1985 iliwabeba Gurumo na Bitchuka wote wawili. Mbona hawakumchukua mmoja?

Mama Swalehe, Kariakoo

Fundi mwanangu, wewe unasikiliza kwa masikio ya waya. Sisi tuliwaona. Ukumbini DDC Kariakoo mwimbaji unampima kwa kiwanja. Akifungua mdomo watu wanainuka, au wanaendelea na bia zao?

Cosmas Chidumule wa Sikinde alipoanza "Neema" nilikuwa nawaona wanaume wazima, wenye suti zao, wanaacha mazungumzo katikati. Haimbi kwa kujionyesha. Anabembeleza, tena anabembeleza kama mtu ambaye kweli ameshaharibu nyumbani na hana pa kurudi. Baadaye akahamia kwenye injili, na mimi Mwislamu nilikuwa namsikiliza huko huko. Sauti ni ile ile, aliyebadilika ni anayeombwa.

Halafu mmeandika majina ya kiume tu toka juu hadi chini. Vijana Jazz mnaikumbuka nusu? Hemed Maneti, Chiriku, alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, sikatai, na alipofariki mwaka 1990 Pambamoto, yaani hiyo Vijana Jazz, ilipata pengo. Lakini Kida Waziri alisimama pale pale na Maneti, wakajibizana, na hakuwa pambo la jukwaa. Alikuwa anamjibu! Maneti akilalamika, Kida anamrudishia, na kina mama tuliokuwa kiwanjani tunapiga vigelegele kwa sababu kasema letu. Nitajieni mwanamume mmoja kati ya hao aliyepata vigelegele vya namna hiyo.

Mwana Likoni

Wabongo mmejifungia Dar kama vile muziki haukuvuka Horohoro. Na John Ngereza je? Les Wanyika, Nairobi, tangu 1978, na wengi wao ni Watanzania wenu waliotoka Simba Wanyika. "Sina Makosa" hadi kesho ikipigwa harusini hapa Mombasa, babu na mjukuu wanainuka pamoja. Ngereza haimbi kwa nguvu. Anaongea nawe pole pole kama mtu anayejitetea mbele ya wazee, huku ridhimu ya Omar Shabani na besi ya Tommy Malanga zikimshikia mlango. Yule ndiye kiongozi. Hao wenu wanapiga mayowe.

Fundi Bufa, Tandika

Mwana Likoni, Ngereza nampenda, ila alipiga gitaa la solo na sharti nimeliweka. Nikimruhusu yeye lazima nimruhusu Mbaraka, na Mbaraka akiingia mjadala umekwisha, tufunge kibanda tukalale.

Jabali, hoja ya jozi naichukua lakini naigeuza. Baada ya ile OSS kila mmoja alifika kwake: Gurumo akarudi Msondo, akastaafia huko mwaka 2013. Bitchuka akarudi Sikinde. Haya, tafuta nyimbo za Bitchuka akiwa bila Gurumo. Bado anapita juu, bado maneno yanasikika, na waitikiaji wapya wanaonekana wazuri kuliko walivyo. Hapo ndipo namkubali. Marijani nikimsikiliza namsikia Marijani. Bitchuka nikimsikiliza naisikia bendi.

Mama Swalehe, shikamoo. Kwa Kida sina la kubisha, na nakiri nilipoandika orodha sikumfikiria.

Kijana wa Sinza

Samahani wakubwa, naona Remmy Ongala kasahaulika. Mtu mpaka kituo cha daladala kinaitwa kwa Remmy! Nani mwingine kati ya hao ana kituo?

Jabali Damu

Kijana, Remmy ni wa peke yake. Sauti ya kukwaruza, maneno ya watu wa chini, wimbo wa kondomu redio ikaugomea na watu wakauimba hivyo hivyo. Matimila ilikuwa mimbari yake. Lakini ukitaka sauti, sauti yenyewe, huwezi kumweka na Chidumule, na hili nalisema mimi niliye upande wa Marijani.

Fundi, "naisikia bendi" ni maneno mazuri ya kukwepa. Nahodha akicheza hadi asionekane uwanjani, wewe utampa mpira wa dhahabu?

Mama Swalehe, Kariakoo

Marahaba, Fundi. Jabali, acha mipira, hapa ni dansi.

Mimi nawapangia hivi: Chidumule wa kwanza, Bitchuka wa pili, Maneti wa tatu kwa sababu ya mapenzi yangu tu. Marijani wa nne, na Jabali asinune, maana visa vyake navijua vyote kwa moyo na bado sijawahi kuinuka kwenda kucheza kwa sababu yake. Nilikuwa nakaa, nasikiliza. Ngereza mwachieni Mwana Likoni. Kida simpangi kwenye foleni ya wanaume, ana yake.